Nyoka wa Kwenye Koti la Baba

Juzi mjukuu wangu alinijia na simu yake, anacheka peke yake. "Bibi, njoo uone vituko." Kwenye simu alikuwapo kijana wa Kizungu anayefuga nyoka. Amemjengea sanduku la vioo, amemwekea majani ya plastiki, juu amemning'inizia taa ya umeme, na anazungumza naye kwa mapenzi kabisa kama mtu anayebembeleza mtoto mchanga. Mjukuu alitaka nipige mayowe. Mimi nikavaa miwani, nikatazama vizuri, nikamwambia, "Huyo nyoka hatafika mbali. Hana pa kujificha. Na taa kaiweka katikati. Nyoka akichoka joto aende wapi?"

Mjukuu akanikodolea macho. "Bibi! Umejuaje?"

"Nenda kakoroge uji," nikamwambia. "Unafurika huo."

Na kweli ulikuwa unafurika. Ukamwagikia jivu la moto, na ile harufu ya jivu lililolowa ikanipanda puani, nikajikuta nimeketi kwenye kigoda bila kupenda. Ninyi wenzangu mliokulia kwenye moshi mnaijua harufu hiyo. Mtu anaweza kukaa mjini mpaka akasahau namna ya kuchochea kuni, lakini jivu bichi likimpata puani anarudi kuwa mtoto palepale, makamasi na yote. Basi kwa kuwa yule mjukuu sikumjibu, nawajibu ninyi, maana ninyi hamtanicheka sana.

Kwetu ni juu ya kilima, si mbali na Nyololo. Ukisimama uani unaiona barabara kuu kule chini, inatoka Iringa inakwenda Mbeya, na malori yanapita yakitimua vumbi jekundu. Uhuru ulikuwa bado, na sisi watoto hatukujua kama kuna kitu kama hicho. Tulichokijua ni baridi. Baridi ya kwetu katikati ya mwaka si mchezo. Asubuhi majani yamekuwa meupe kwa barafu, unakanyaga pekupeku mpaka vidole vinakataa kuwa vyako. Kwa hiyo maisha yetu yote, mimi na mama, yalikuwa jikoni. Jiko lilikuwa kibanda cha udongo kilichoezekwa nyasi, na mafiga yalikuwa karibu kabisa na ukuta wa nyuma. Upande wa pili wa ukuta huo, nje, chini ya upenu, ndipo nilipopanga kuni. Kuni ilikuwa kazi yangu. Mama hakufika huko nyuma, na mimi nilijivunia kuwa na mahali pangu. Ukuta ule ulishika joto la moto kutwa nzima, nami nilizoea kuuegemea mgongo nikisubiri kuitwa.

Baba hakuwapo. Alikuwa amekwenda kutafuta kazi kwenye migodi ya huko kusini, akapitia Mbeya kama walivyopitia wengi. Nilikuwa mdogo alipoondoka, na nikisema ukweli, sura yake sikuwa nayo. Nilichokuwa nacho ni koti lake. Lilikuwa koti la kaki, zito, limepauka mabegani. Alipokuwa anafunga mzigo mama alimwambia alichukue, naye akacheka, "Huko niendako ni joto, koti la nini?" Mama akalitundika kwenye kijiti jikoni, karibu na ule ukuta wa moto, ili moshi ulilinde na wadudu. Kila asubuhi kabla sijaenda mtoni niliingiza pua yangu ndani ya koti lile. Lilinuka moshi, tumbaku na kitu kingine cha chachu hivi ambacho nilikiita baba.

Mtu wa mwisho kumwona alikuwa utingo wa lori moja. Alituambia alimwona Uyole, kule Mbeya, amekaa juu ya magunia, anakula ndizi, anacheka na wenzake. Basi. Baada ya hapo, kimya. Mimi nilidhani Uyole ni mahali ambapo akina baba wote hukaa juu ya magunia wakisubiri kuambiwa warudi nyumbani. Mama aliteremka barabarani kila alipopata nafasi kuwauliza madereva. Mwanzoni walimjibu kwa maneno mengi. Baadaye wakawa wakimwona tu anakuja wanaanza kujikuna vichwa na kukagua matairi.

Ndipo Baba Mdogo, mdogo wake baba, alipoanza kuja kwetu pamoja na Shangazi. Walikuja mchana, wakaketi jikoni, wakanitoa nje nikachote maji. Nilitoka na mtungi, nikazunguka, nikakaa nyuma ya ukuta wangu kwenye kuni. Ukuta wa udongo una nyufa zake, bwana.

"Shemeji," nilimsikia Baba Mdogo akisema, "mtu hapotei kama sindano."

"Hata sindano watu huitafuta," mama akajibu.

"Tumetafuta. Sasa tumlilie. Tukae matanga, tumalize, mambo yaende."

"Wifi, sikiliza," Shangazi akaingilia. Shangazi alikuwa na sauti ya taratibu, na hiyo ndiyo iliyonitisha. "Kaka yangu hana pa kupumzika mpaka tumlilie. Wewe unamzuia njiani."

"Nani kaona maiti?" Mama sasa alikuwa amesimama, nilisikia kigoda kikianguka. "Nitajieni mtu mmoja. Akija mtu akaniambia nimemzika kwa mikono yangu hii, nitanyoa nywele leo leo. Bila hivyo, ng'o!"

"Mpaka lini?"

"Nina ulezi wa kupepeta," mama akasema, akatoka.

Mimi mtoto nilielewa sehemu yangu. Matanga yakishaisha, mjane hurithiwa na ndugu wa marehemu. Mama angenyolewa, angefungashiwa vitu vyake, kisha tungehamia bondeni kwa Baba Mdogo ambaye tayari alikuwa na wake wawili na nyumba yenye kelele za kugombana tangu alfajiri. Na hakuna mtu ambaye angeteremka tena barabarani kumuulizia baba. Shangazi alipokuwa anaondoka nilimsikia akimwambia kaka yake njiani, "Usimlazimishe. Mwenyewe atakuja kusema." Baba Mdogo akaitikia kwa kichwa.

Nilijua maana yake. Bibi, mama yao, alipofariki, nilimwona. Siku chache baada ya mazishi nyoka aliingia nyumbani kwa Shangazi, akajikunja pembeni mwa kitanda. Watu wengine wangekimbilia fimbo. Kwetu, nyoka mpole akiingia ndani namna ile hapigwi. Shangazi alileta unga wa ulezi kwenye kiganja, akapiga magoti, akaunyunyiza sakafuni mbele yake, akasema, "Karibu, mama. Tumekuona." Wakubwa walikuwa na maelezo yao, kwamba waliotangulia hutuma salamu, kwamba huyo ni mjumbe tu. Hayo mtoto hayajui. Nilichokiona ni kwamba Bibi alikufa akawa nyoka, na nyoka akaja nyumbani, na watu wakamwita mama. Hesabu ikawa imekwisha kichwani mwangu.

Sasa siku moja ya baridi kali, mama akiwa mtoni, niliingia jikoni kulinusa koti. Nikashika mkono wa koti, nikauona mzito. Nikachungulia. Ndani ya mkono ule alikuwamo nyoka.

Hakuwa mkubwa. Alikuwa wa kahawia, anang'aa kama aliyepakwa mafuta, na kichwani alikuwa na mistari miwili myeupemyeupe inayotoka puani na kupita kwenye macho. Kwa elimu yangu ya leo najua ni nyoka wa kawaida tu wa majumbani, asiye na sumu, amefuata panya wa mahindi yaliyokuwa darini, na baridi ikamsukuma kwenye kitambaa kizito kilicho karibu na moto. Hakunirukia. Alinitazama, akatoa ulimi, akaurudisha.

Kwenye nguo zote za nyumba ile, kachagua koti lake mwenyewe!

"Kamwene, baba," nikamwamkia kwa lugha yetu.

Nililia, lakini si kwa muda mrefu, maana nilikuwa na kazi. Niliona jambo moja kwa uwazi kabisa. Shangazi akimwona, mambo yamekwisha. Mama akimwona, ndiyo mbaya zaidi, maana mama alisema mwenyewe kwamba akipata mtu wa kumhakikishia atanyoa leo leo, na hapa si mtu wa kuhakikisha, ni mwenyewe kaja. Kwa hiyo baba lazima akae mahali ambapo hakuna atakayemwona. Na lazima akae vizuri, vizuri sana, asije akachoka akaondoka tena. Mara ya kwanza aliondoka kwa sababu hatukuwa na kitu. Safari hii nisingempa sababu.

Nilimtia kwanza kwenye kapu la mianzi na kulifunika kwa ungo. Nilipogeuka kutafuta jiwe la kukandamiza, baba alishatoka kupitia tundu ambalo hata kidole changu hakikupita, akawa anaelekea zizini kwa mbuzi bila haraka yoyote. Nikamkimbilia nikamrudisha, nikimsihi kama mtu anavyomsihi mlevi. Hapo nikakumbuka chungu kikubwa cha pombe kilichopasuka mdomo, kilichokuwa kimetupwa nyuma ya nyumba. Nikakiviringisha mpaka kwenye kuni zangu, nikakilaza ubavu, kitako kikigusa ule ukuta wa moto. Mdomoni nikaegemeza kipande cha ungo mkuukuu, nikakikandamiza kwa jiwe, na mbele yake nikapanga kuni kama kawaida. Ukipita pale huoni kitu.

Siku ya kwanza nilikosea. Niliona baba alikuwa na baridi, basi nikabeba jiwe la moto kutoka mafigani nikaliweka ndani katikati ya chungu. Nilipochungulia baadaye nilimkuta kajibana mdomoni mwa chungu, kichwa kakibandika kwenye upenyo, anatafuta hewa. Nikalitoa lile jiwe kwa matambara. Tangu hapo nikauachia ukuta wenyewe kazi ya kupasha joto: kule kitakoni kuna vuguvugu, huku mdomoni kuna ubaridi, naye anajichagulia. Na kweli alijichagulia. Asubuhi yuko kitakoni, jua likipanda anasogea. Nilifurahi kuona baba yangu ni mtu mwenye akili.

Chini nilimtandikia udongo mkavu niliouchekecha, juu yake maganda ya mahindi, yale laini ya ndani. Lakini alikuwa hatulii. Alizungukazunguka ukutani mwa chungu kama mtu aliyepoteza kitu. Nikafikiri, huyu kazoea koti. Koti nisingeweza kulileta, mama angeuliza. Nikachukua nusu ya kibuyu kilichovunjika, nikakifudikiza ndani ya chungu, nikakitoboa mlango pembeni. Sikumaliza hata kuutoa mkono, akaingia, akajikunja, akatoa kichwa tu, akanitazama. Nikajua hilo ndilo lililokuwa linakosekana. Ana chumba chake. Nikamwekea na kigae cha maji, kizito, ili asikipindue.

Taabu ikabaki chakula. Nilimpelekea ugali na majani ya maboga. Hakugusa. Nikakumbuka mama aliwahi kusema baba hapendi ugali uliopoa, nikaupasha. Wapi. Nikampelekea maharage, nikampelekea kipande cha nyama ya kuku niliyopewa mimi siku ya Jumapili tuliyotoka kanisani, nikiwa nimekimezea mate njia nzima. Hakukitazama. Nikasema, aa, mwanamume huyu anataka ulanzi, ile pombe yetu ya mianzi. Ulikuwa mwisho wa msimu, nikaupata kidogo tu kwa jirani kwa kisingizio cha kutumwa na mama, nikamimina kwenye kigae. Aliingiza ulimi mara moja, akarudi ndani ya kibuyu. Nilichukia kweli. Nikamwambia, "Baba, sasa wewe unataka nini? Mama anapika, mimi naiba, bado unakunja uso."

Jibu nililipata mwenyewe. Nilipokuwa napanga kuni nilikuta kiota cha panya, vitoto vyekundu havina hata manyoya. Kimoja kikaangukia mdomoni mwa chungu. Alitoka kibuyuni polepole, akakinusa kwa ulimi, akakimeza. Nilikaa chini. Baba yangu na panya, wapi na wapi! Nilisikia aibu kwa ajili yake, aibu ya mtu aliyemfumania mzee wake. Kisha nikajipa moyo kwamba labda huko migodini ndicho chakula chao, kazoeshwa, na akikaa nyumbani kidogo atarudia ugali. Tangu siku hiyo nikawa mwindaji wa panya. Mama alinisifu mbele ya majirani kwamba nimekuwa msichana wa kazi, dari letu limetulia.

Sijawahi kuwa na furaha kama ya siku zile. Nasema hivi nikiwa nimeolewa, nimezaa, nimeona mengi. Mama alikuwa na tumaini lake, anateremka barabarani, anarudi, anasema, "Bado." Mimi nilikuwa na baba yangu nyuma ya ukuta. Mama akiimba nyimbo za kanisani jikoni huku anakoroga, mimi nilikuwa upande wa pili nimeegemea, namwambia baba kwa sauti ya chini, "Unamsikia?" Nilimuuliza habari za Uyole. Nilimuuliza kama magunia yale yalikuwa ya mchele au ya karanga. Hakujibu, lakini wazee wa kwetu hawajibu maswali ya watoto, kwa hiyo sikuona ajabu.

Halafu akaugua. Macho yake yaligeuka meupe kama maziwa yaliyotiwa maji, ngozi ikafifia, akaacha panya, akajificha ndani ya kibuyu mfululizo. Nilijua anakufa mara ya pili, na mara hii mikononi mwangu. Sikula. Mama alinigusa paji la uso, akauliza nimekula nini. Ningemwambia nini? Nilichofanya ni kulowesha maganda ya mahindi na kumzungushia, kwa sababu mimi nikiwa na homa mama alinifunika kitambaa cha maji. Sijui nani aliniongoza, maana ndicho alichokihitaji. Asubuhi moja nilimkuta anang'aa kupita siku aliyokuja, macho safi, na pembeni yake kulikuwa na ngozi nyembamba, nzima, kama soksi iliyovuliwa. Nilipiga kelele za furaha mpaka mbuzi wakashtuka. Ile ngozi sikuweza kuitupa. Ni nguo yake. Nikaikunja, nikaitia kwenye mfuko wa koti la kaki, mahali pa nguo zake.

Kama nina jambo la kumlaumu mtoto yule niliyekuwa mimi, ni usafi wake uliopitiliza.

Shangazi alikuja na Baba Mdogo siku ya jua, pamoja na majirani wawili wazee, wanaume wa kushuhudia. Mazungumzo yale yale. Mama alikuwa uani anatwanga, hakuacha kutwanga kuwasikiliza. Mimi nilikuwa karibu naye napepeta. Shangazi akaingia jikoni kuota moto, na sijui ni ukiwa wa dada au ni nini, akalishika koti la kaka yake, akatia mkono mfukoni.

Alitoka ameishika ngozi ile kwa mikono miwili. Baba Mdogo akavua kofia.

"Yuko wapi mwenyewe?" Shangazi aliuliza, haijulikani anamuuliza nani. Kisha akaniona mimi. Sura yangu ilikuwa imeshamweleza kila kitu, na macho yangu, hayana adabu, yakakimbilia kwenye kuni. Wakaondoa kuni. Wakaondoa jiwe na ungo. Baba akatoa kichwa kibuyuni kuangalia ni nani anayempigia kelele.

"Nileteeni unga," Shangazi akasema.

Akauchota kwenye ungo wangu, unga wa ulezi niliokuwa naupepeta mimi. Akapiga magoti pale vumbini, mwanamke mzima mwenye mvi. Akaunyunyiza taratibu mbele ya chungu, machozi yanamtoka. "Karibu, kaka. Tumekuona. Umechoka. Sasa utapumzika." Wale wazee wawili wakainamisha vichwa. Baba Mdogo alisema kwa sauti iliyopasuka, nami leo naamini hakuwa mnafiki, alikuwa anamlilia ndugu yake, "Basi. Mwenyewe amekuja kusema. Shemeji, umemwona kwa macho yako. Tuandae matanga."

Wote wakamgeukia mama.

Mama alikuwa amesimama nyuma yao na mchi mkononi. Nilimtazama usoni. Alikuwa anautazama ule unga. Kisha nyoka akatoka, polepole kama desturi yake, akapita juu ya unga akaacha mfereji mdogo, akaelekea upande wa mama kwa sababu upande huo ndio ulikuwa na jua. Shangazi akasema, "Anakufuata wewe, wifi. Mpokee."

Mama akauinua mchi, akamponda kichwa.

Sijui nani alipiga kelele kwanza. Shangazi alianguka kifudifudi. Mzee mmoja alikimbia kabisa, mzee wa watu, akaacha fimbo yake. Na mimi, nilisikia sauti yangu ikitoka kama ya mtu mwingine: "Umemuua baba! Mama, umemuua baba!"

Mama alinigeukia. Ndipo, kwa mara ya kwanza, alipoelewa ni nani niliyekuwa namtunza. Mchi ulimponyoka. Lakini sauti yake aliikaza, akawaambia wakubwa, si mimi, "Huyu ni nyoka. Mume wangu akija atakuja kwa miguu yake, na atapiga hodi. Sasa ondokeni uani kwangu."

Waliondoka. Shangazi alivua kitambaa cha kichwani, akamfunga nyoka ndani yake, akaenda kumzika kwao bondeni na kumlilia. Huko walikaa matanga yao. Kwetu hatukukaa. Na neno la kumrithi mama halikusikika tena, maana mwanamume gani angemwingiza nyumbani mwanamke aliyempiga mchi mgeni wa ukoo? Hata wake wa Baba Mdogo walikuwa wakimwona njiani wanapita majanini. Alibaki na nyumba yake, shamba lake na jina baya.

Mimi sikuzungumza naye. Jioni ile alikwenda nyuma ya jiko peke yake, nami nikamfuata kwa mbali. Alipiga magoti mbele ya chungu, akaingiza mkono. Akatoa kigae cha maji, akakitazama. Akagusa maganda ya mahindi, akapapasa udongo niliouchekecha, akabandika kiganja kitakoni mwa chungu kwenye vuguvugu, akakiacha pale.

"Haya yote umeyafanya wewe?"

Nikaitikia.

"Mbona hukuniambia?"

"Ungejua amekufa," nikasema. "Ungenyoa."

Mama aliweka paji la uso wake juu ya chungu na kulia. Sikuwa nimewahi kumwona akilia, si siku madereva walipokosa habari, si siku yoyote. Alilia mpaka nikaogopa, nikasahau kwamba nimemkasirikia, nikamshika mgongo. Tulikaa pale mpaka mbuzi walipoanza kutuita wafungiwe.

Baba hakuja. Nawaambia mapema msije mkangoja kama alivyongoja yeye. Hakuja mwaka ule, wala mwingine, na hakuna mtu aliyeleta habari ya kaburi wala ya uzima. Mama hakunyoa nywele. Zilimwotea mvi zikiwa kichwani mwake. Uhuru ulikuja, barabara ikawekwa lami, mimi nikaolewa Mbeya, na alipoishiwa nguvu za jembe nilimchukua akaishi nami. Kila tulipopita Uyole ndani ya basi aligeuza kichwa dirishani, nami nilijifanya natafuta kitu kwenye mkoba.

Siku moja, kazeeka sana, tumekaa barazani tunachambua maharage, nilipata ujasiri. Nilikuwa nimeubeba mzigo ule maisha yangu yote, na nilitaka anitue. Nikamuuliza, "Mama, siku ile, ulijuaje kwamba hakuwa baba?"

Aliendelea kuchambua. Akatoa kijiwe, akakitupa uani.

"Nani kakwambia nilijua?"

Mikono yangu ikasimama.

"Nilimwona shangazi yako kapiga magoti," akasema. "Na yangu yakaanza kukunjika. Nikaona nikifika chini, basi, sitaamka tena. Nikauinua mchi, ndicho nilichokuwa nacho mkononi."

"Mama! Na kama alikuwa yeye?"

Alinitazama kwa yale macho yake yaliyokuwa yameanza kuingia ukungu. Hakuwa na hasira, wala hakuwa na majuto. Alikuwa amelifikiria swali lile kwa miaka mingi kuliko mimi.

"Kama alikuwa yeye," akasema, "basi anajua kwamba nilikataa kumzika."